Heshima Haimo Begini

Ndugu vijana, wapo wanaowafundisha kwamba heshima ya mchuuzi ni wingi wa mabegi yake. Sisi twakataa. Anayejiajiri, avukaye Ziwa Kivu kila juma kati ya Bukavu na Goma, hana mwajiri wa kumrudishia nauli. Kila begi la nguo za kujionyesha hula faida kabla bidhaa haijauzwa: bandarini hulipiwa mchukuzi, njiani hulindwa kwa hofu, nalo humchelewesha mwenyewe hali wenziwe wamekwisha kufika sokoni. Jozi mbili za nguo zatosha, moja ikifuliwa nyingine ikivaliwa; pamoja nazo sabuni, vitambulisho na daftari la hesabu. Tusisafirishe majivuno, kisha tukalalamika kwamba mtaji umepungua.