Jiko Tunalo, Kikwazo ni Bei

Machi 2024 lilitokea jambo ambalo watu wa rika langu hatukutarajia kuliona: nchi iliyozoea ratiba za mgawo wa umeme ilizima mitambo katika vituo vyake vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuzalisha. Leo mitambo yake yote tisa imekamilika, na uwezo wake ni megawati 2,115. Lakini siku ile mitambo ilipozimwa, katika majiko ya Watanzania walio wengi kuni na mkaa viliendelea kuwaka kama kawaida.

Kila inapozungumzwa teknolojia ya kijani, hutajwa paneli za jua, hidrojeni na magari ya betri. Siyabezi hayo. Hata hivyo, uvumbuzi ninaoamini kuwa unaweza kubadili maisha ya wengi kwa haraka zaidi ni chombo cha kawaida mno: jiko la presha la umeme. Kuta zake huhifadhi joto, kifuniko chake huzuia mvuke usipotee, na umeme hujikata wenyewe presha inapofikia kiwango. Ndiyo maana kilo ya maharage, chakula kinachojulikana kwa kumaliza mkaa, huiva humo kwa chini ya uniti moja, na mpishi hapulizi moto wala havuti moshi.

Serikali haijalala katika hili. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Nia ipo, umeme upo, jiko lipo. Kinachotukwamisha ni kanuni ya bei.

Katika bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Kanuni hii ilitungwa kwa huruma: ilimlinda mnyonge mwenye taa na redio. Haikumfikiria mnyonge anayepika.

Tufanye hesabu. Familia inayotumia uniti 60 kwa mwezi hulipa shilingi 6,000. Ikianza kupika kwa umeme na kuongeza uniti moja kila siku, itafika uniti 90. Uniti 75 za kwanza zitagharimu shilingi 7,500, na 15 za ziada shilingi 5,250; jumla 12,750. Matumizi yameongezeka kwa nusu, malipo yamezidi maradufu. Tena familia hiyo ikiendelea kuvuka mpaka, inaweza kuhamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Uniti zilezile 90 zitagharimu shilingi 26,280.

Nitaambiwa kwamba hata kwa shilingi 292, chungu cha maharage bado ni nafuu kuliko mkaa. Nakubali. Lakini adhabu haiishii kwenye chungu. Inaziangukia pia zile uniti 60 za taa na jokofu ambazo jana zilikuwa za shilingi 100. Mama wa nyumbani anaielewa hesabu hii bila kufundishwa na mhadhiri. Wapo pia wapangaji wanaochangia mita moja ya Luku: uniti zao hujumlishwa kana kwamba ni za tajiri mmoja, na si ajabu mwenye nyumba akipiga marufuku kupika kwa umeme.

Jirani zetu wa Uganda wameliona tatizo hili na kulitafutia dawa. Wameweka bei ya kupikia: uniti kati ya 81 na 150 kwa mwezi huuzwa kwa bei ya chini kuliko zile za 16 hadi 80. Anayepika hupewa nafuu pale ambapo sisi tunaanza kumwadhibu. Kwangu mimi, huo nao ni uvumbuzi, ingawa hauna waya wala betri.

Najua shirika la umeme lina madeni na gharama za kutunza njia za umeme, na kwamba wapishi wote hurudi jikoni jioni, saa ambazo mahitaji huwa juu. Kwa hiyo sidai umeme wa bure. Napendekeza mambo matatu: daraja la kati kwa anayepika, mpangaji wa mita ya pamoja asihesabiwe kama mteja mmoja, na jaribio la mwaka mmoja katika mkoa mmoja, matokeo yake yawekwe hadharani ili tubishane kwa takwimu. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba hayo hayahitaji bwawa jipya. Yanahitaji kurekebisha jedwali la bei.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jiko hili ni mgeni tuliyemwalika wenyewe, kwa mkakati na kwa hotuba. Si haki kumtoza faini yule anayemfungulia mlango.