Siku 25 kwao, siku 12 kwetu



Watoto wetu wanaangalia ku telefone safari za wazungu wanaoenda peke yao mpaka kaskazini ya mwisho ya Ulaya. Mutu mumoja, mara na mara mwanamuke, anaendesha gari ya ukubwa wa Hiace. Ndani kuko kitanda, jiko na tanki ya maji. Anapanda Uswidi, zaidi ya kilomita 1 200 toka Stockholm mpaka Kiruna, anaingia Norwe, anafika Nordkapp, pale barabara inaishia juu ya jabali na mbele kunabaki paka bahari. Kama ni mwezi wa sita, jua halizame hata usiku. Anasimamisha gari kando ya ziwa, anapika chakula, analala. Kesho yake anaendelea.

Mu bisi ya kazi tunasikia: "Bale biko na makuta mingi." Wengine: "Ni wazimu, kuacha nyumba na kulala mu gari!" Mimi nasema tuangalie vizuri. Makuta iko, sikatai. Lakini kati ya wale wanaosafiri kuko muuguzi, mwalimu, mutu wa mashini. Kitu kinachobeba safari yao kwanza ni konje.

Sheria ya Uswidi inampa kila mutumishi siku 25 za konje kwa mwaka. Na inasema tena: wiki ine apewe kwa mufululizo, kati ya mwezi wa sita na wa munane, isipokuwa wamepatana ingine. Kwetu, Kodi ya kazi ya 2002 inatoa kwa mutu muzima siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumika. Ni siku 12 kwa mwaka. Kila miaka tano kwa patro mumoja, inaongezeka siku moja. Piga hesabu, kamarade: ili sheria yetu ikufikishe ku siku 25, utumike miaka 65 bila kubadilisha patro. Mapatano ya kampuni na sendika inaweza kutoa zaidi, na pengine inatoa. Lakini sheria peke yake inaishia pale.

Tusifikiri wale walizaliwa na ile konje. Mu 1938 sheria yao iliwapa wiki mbili tu. Mu 1951 wiki tatu, mu 1963 wiki ine, mu 1978 wiki tano. Miaka makumi ine ya kubishana na kuandika. Na Kiruna, pale wasafiri wanapita na kupiga picha, ni muji wa mugodi kama Kolwezi. Wanachimba chuma chini ya udongo, na ngazi yao kubwa iko mita 1 365. Kampuni ni ya serikali. Toka Desemba 1969 mpaka Februari 1970, wachimbaji karibu 5 000 wa ile kampuni waligoma, tena bila ruhusa ya wakubwa wa sendika yao. Walikataa kulipwa kwa kipimo cha kazi, walitaka mushahara wa mwezi. Wajukuu wa watu kama wale njo leo wanaweza kufunga mulango wa nyumba na kuenda kuangalia bahari.

Kule pia si mbinguni. Udongo wa Kiruna unapasuka juu ya mugodi, wanahamisha muji. Mu Agosti 2025 walibeba kanisa yao ya mbao, ya 1912, juu ya magurudumu, kilomita tano, siku mbili nzima. Wasami, wenye inchi ile toka zamani, wanalia juu migodi na barabara zinakata njia za wanyama wao. Na mu baridi kali maji ya mu gari inaganda, jua linakosa kutoka wiki nzima. Lakini mutumishi wao iko na siku zake za kupumzika.

Kwetu pia kuko watu wanaolala mu gari peke yao. Ni madereva wa kamio wenye kupanga mulolongo Kasumbalesa, siku na siku, juu ya shaba yetu. Kitanda cha kabine ni kimoja, jiko dogo liko. Lakini hawa hawako mu konje, wako ku kazi. Mbele ya kusema wazungu ni wazimu, tuwafikirie hawa.

Najua jibu la wengi: "Konje bila makuta ni njaa. Afazali niuze siku zangu, watoto walipe masomo." Naelewa, masomo inakamata kila nyumba. Lakini konje ya kweli inalipwa, si siku za njaa. Na mutu anayeendesha mashini kubwa miaka mitatu bila kupumzika, macho yake inachoka, mukono wake unachelewa. Kosa moja, bibi anabaki mujane. Bei gani ya siku kumi na mbili inaweza kulipa vile?

Wenye kuumia zaidi ni ndugu zetu wa kampuni ndogo za kukodi watumishi. Wanapewa kontra ya miezi tatu, inaisha, inaanza upya, na mwaka hautimii hata siku moja. Mutu anatumika miaka tano mu mugodi mumoja, na ku karatasi yeye ni mugeni siku zote.

Basi naomba mambo matatu. Moja, kila mwanzo wa mwaka delege atundike pa ukuta orodha ya konje, jina na tarehe. Mbili, watumishi wa kukodi wahesabiwe toka siku ya kwanza waliyoingia mu mugodi, si toka kontra ya mwisho. Tatu, tukikaa meza moja na patro, tusianze na mushahara tu. Siku za kupumzika nazo ziandikwe.

Hakuna anayetuomba tuende Nordkapp. Lofoi iko hapa mu Katanga, na wengi wetu wanazeeka bila kuona yale maji inaanguka. Kuenda ku kijiji kusalimia mama ni safari pia. Mwezi huu, uliza delege wako: "Konje yangu iko tarehe gani?" Kama hana jibu, muulize tena mbele ya wengine.