UKWENI NG'AMBO YA MPAKA

Ndoa katika Nyanda za Juu za Kusini haijapata kuomba ruhusa kwa mpaka. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wametengwa na mto Songwe, lakini wameposana tangu zamani za mababu, kabla Wajerumani na Waingereza hawajachora mstari wao katika ramani. Tunduma na Nakonde ni miji miwili ya nchi mbili, na watu wake huamkia biashara moja. Reli ya Uhuru, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ipitayo Makambako na Mbeya mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia, imebeba shaba na mbolea, na imebeba maharusi pia. Tena wako vijana wa Mbeya na Iringa waliokwenda mbali zaidi, hata Johannesburg na Durban, wakapata riziki na wakapata wenzi.

Basi katika nyumba nyingi linaulizwa swali moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni salama kwenda kuwaona wakwe? Binti ameolewa, mtoto amezaliwa, na wazee wa upande wa pili wanataka kumwona mjukuu wao. Ni haki yao, na ni heshima ya binti kwenda. Lakini mama yake hulala macho wazi kwa sababu ya habari anazozisikia. Tunataka kulijibu swali hilo bila kuwatia watu hofu, na bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wako wasemao: "Afrika ni moja, funga mzigo uende." Wako na wengine wasemao: "Usithubutu, watu wa huko ni wauaji." Sisi twaona kwamba wote wawili wanakosea, maana wa kwanza anamtuma mtu safarini macho yakiwa yamefumbwa, na wa pili analihukumu taifa zima kwa matendo ya genge.

Tuanze na Afrika Kusini, maana ndiyo itajwayo zaidi. Mikoa yetu hii ina haki ya kudai undugu na wapigania uhuru wa kusini. Katika Iringa ipo Mgagao, ambako wapiganaji wa Zimbabwe na wa Afrika Kusini walipewa ardhi na mahali pa kujifunzia vita. Katika Mbeya ipo Chunya, ambako chama cha PAC kilikuwa na kambi yake. Wananchi wa hapa waliishi nao, wakauziana nao chakula, na wengine wakawapa binti zao. Makaburu walipolegeza kamba mwezi wa Februari 1990 na kuviruhusu vyama vya ukombozi, wageni wetu wakaanza kurudi kwao. Wako Watanzania wa kike waliofuatana na waume zao, na wako walioachwa hapa na watoto, wakingojea barua.

Mtu angetazamia kwamba deni la namna hiyo lingekuwa ngao. Halikuwa.  Mwezi wa Mei 2008 ghasia zilianza Alexandra, katika Johannesburg, zikaenea katika miji mingine. Watu 62 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakazikimbia nyumba zao. Ghasia zikarudi mwezi wa Aprili 2015 katika Durban na Johannesburg, na tena mwezi wa Septemba 2019, hata shirika letu la ndege likasimamisha kwa muda safari zake za Johannesburg. Mwenye rungu hakumwuliza mtu kama baba yake aliwahi kuwapa wapiganaji unga. Mema ya jana huandikwa katika vitabu, na genge la barabarani halisomi vitabu.

Lakini yafaa tuitazame hesabu ya 2008 kwa makini. Katika wale 62 waliouawa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Palikuwa na watu waliosimamishwa njiani wakatakiwa kukitaja kiwiko kwa Kizulu, na asiyeweza alihesabiwa kuwa mgeni. Kwa hiyo Mshangani na Mvenda, waliozaliwa katika nchi ile ile, walipigwa kwa kosa la ulimi. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba chuki ya mgeni, ikiisha kufunguliwa mlango, hairudi nyuma kumtambua mwenyeji.

Na chanzo chake si damu ya watu wa kusini. Nchi hiyo ina watu zaidi ya 30 katika kila 100 wa nguvu kazi yake wasio na kazi. Wanaishi katika mabanda yaliyobanana, pembeni mwa miji yenye utajiri usiosemekana. Mwajiri mjanja humchukua mgeni kwa ujira mdogo, kisha huwaacha wafanyakazi wawili, mwenyeji na mgeni, watazamane kwa macho mekundu. Mfanyakazi anayeielewa hila hii hatamchukia mfanyakazi mwenzake. Lakini hata anayeielewa hana budi kujua mtaa gani apite na mtaa gani auepuke.

Tena tusijione watakatifu. Mwezi wa Aprili 2016, katika Lusaka, uvumi wa mauaji ya kishirikina uliwafanya watu wayavamie maduka ya Wanyarwanda. Watu wawili wakachomwa moto hata kufa, na ikaonekana baadaye kwamba walikuwa Wazambia. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, katika nchi yetu wenyewe, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wa udongo na dereva wao, waliotoka Arusha kwa kazi ya Serikali, waliuawa na wanakijiji waliodhani kuwa ni wanyonya damu. Hawakuwa wageni wa nchi. Walikuwa wageni wa kijiji tu. Basi ikiwa Mtanzania aliweza kuuawa hivyo na Watanzania, hatuna kinywa cha kumnyoshea jirani kidole.

Ghasia, hata hivyo, huja kwa nadra, na wengi huenda ukweni wakarudi na kuku na salamu. Ipo hatari nyingine isiyopiga kelele, nayo huwapata watu wengi zaidi. Hatari hiyo ni ya karatasi. Watu wengi hudhani kwamba akiisha kuoa au kuolewa, basi nchi ya mwenzi imekuwa yake. Si kweli. Katika Afrika Kusini ndoa peke yake haimpi mtu uraia. Na hapa kwetu Sheria ya Uraia ya 1995 humruhusu mke wa kigeni wa Mtanzania kuomba uraia, walakini mume wa kigeni wa binti yetu hakufunguliwa mlango huo kwa sababu ya ndoa. Mkwe, kwa sheria, ni mgeni mwenye siku za kuhesabiwa.

Asiyezihesabu siku hizo hulipa. Sheria za Afrika Kusini za mwaka 2014 ziliweka kwamba mgeni aliyepitisha muda wake kwa siku zisizozidi 30 aweza kufungiwa mlango kwa miezi 12, na aliyepitisha zaidi ya hapo, miaka 5. Tafakarini, ndugu: mama aliyekwenda kuwaona wakwe, akakaa hata msiba uishe, akakaa hata arobaini ipite, aweza kurudi Iringa akiwa amefungiwa nchi ya mumewe kwa miaka 5. Hakuiba, hakupigana. Alikaa tu na wafiwa.

Kwa jirani wa karibu pia iko hadhari. Mwezi wa Desemba 2016 Watanzania 8 walikamatwa kaskazini ya Malawi wakielekea mgodi wa urani wa Kayelekera, wakatuhumiwa upelelezi, wakawekwa mahabusu katika Mzuzu kwa miezi kadhaa. Yakumbukwe kwamba habari ya mpaka katika Ziwa Nyasa imekuwa ikiwaka na kufifia tangu mwaka 1967. Panapokuwa na mvutano wa serikali mbili, mgeni anayetembelea mgodi, kambi ya jeshi au daraja na kupiga picha huonekana kwa jicho jingine. Aliyekwenda ukweni na akae ukweni.

Na liko swali moja ambalo wapenzi huona haya kuulizana: "Wewe mwenyewe u salama kwenu?" Orton Chirwa, aliyekuwa waziri katika Malawi, na mkewe Vera, mwanasheria, waliishi uhamishoni katika nchi yetu baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri wa mwaka 1964. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1981 walikamatwa. Serikali ya Dr. Banda ikasema waliingia Malawi wenyewe, nao wakasema walinyakuliwa katika ardhi ya Zambia. Walihukumiwa kufa mwaka 1983, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1984. Mume alifia gerezani Zomba mwezi wa Oktoba 1992, na mke akafunguliwa mwezi wa Januari 1993. Utawala ule umekwisha tangu 1994, lakini funzo lake liko hai. Mtu mwenye kesi ya siasa, deni la damu au ugomvi wa urithi kwao, anampeleka mwenzi wake katika kesi hiyo hiyo. Ni wajibu wake kusema mapema, kabla tiketi haijakatwa.

Hatuwezi kuyanyamazia wala yatokeayo ndani ya nyumba. Wako wanaume, na wako wanawake, ambao wakiisha kumvusha mwenzi mpaka humnyang'anya pasipoti, wakamwambia, "Nitakutunzia." Mtu asiyejua lugha ya mji, asiye na nauli, na ambaye hati yake imefungiwa sandukuni mwa mwingine, hana tena uhuru wa kusema hapana. Hiyo si desturi ya kabila lolote, wala si heshima ya ndoa. Anayempenda mwenzi wake humwachia hati yake mkononi.

Kwa ajili hiyo tunawashauri wasomaji wetu mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, ndoa iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila, na cheti chake ndicho kitakachosema mbele ya ofisa wa nchi nyingine pale maneno ya shangazi yasipofaa. Mtoto achukue cheti chake cha kuzaliwa, na akisafiri na mzazi mmoja, achukue na barua ya mzazi wa pili.

Pili, kila mmoja ashike hati yake mwenyewe na nauli yake ya kurudi, na nakala za hati ziachwe kwa ndugu nyumbani. Nauli hiyo isitumiwe kwa zawadi, hata wakwe wakinung'unika. Afadhali kununiwa kuliko kukwama.

Tatu, jamaa walioko nyumbani wajue kwa jina mtaa, nyumba na simu ya mahali anapofikia mtu, na siku anayotazamiwa kurudi. Tunao ubalozi Pretoria, Lusaka na Lilongwe. Msafiri aandike namba zake kabla ya kuondoka, si siku mlango unapovunjwa.

Nne, mwenyeji ndiye kiongozi wa safari. Mume au mke mwenye nchi yake ampokee mwenzi mpakani au kiwanjani, asimwache apapase njia usiku peke yake. Ajue hali ya mtaa wiki ile, na pakiwa na fukuto, aseme bila kuona aibu kwa ajili ya nchi yake: "Safari hii tuiahirishe." Kuahirisha si kukataa ukwe.

Lakini mzigo huu si wa mtu mmoja mmoja tu. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wanajua ni nani aliyeoa ng'ambo. Wasingoje maiti irudishwe ndipo waulize habari. Vyama vya wafanyakazi viwasaidie wanachama wao kupata likizo inayotosha, maana mfanyakazi aliyepewa siku chache hulazimika kusafiri usiku na kuvuka mpaka kwa haraka, na haraka ndiyo rafiki wa matapeli. Na Serikali yetu, inapozungumza na serikali za jirani juu ya malori na mizigo ya Tunduma na Kasumulu, iweke mezani pia habari ya wanandoa. Lori likikwama mpakani siku tatu wakubwa hupigiana simu. Mke wa mtu akikwama, hulia peke yake.

Mwisho, tuutazame mlango wetu wenyewe. Mume wa Kizambia ajaye Mbeya, mke wa Kimalawi ajaye Iringa, naye ana mama aliyelala macho wazi huko alikotoka. Tumpokeje? Akikosea Kiswahili, tusimcheke. Uvumi ukizuka kijijini, wa kwanza kusimama mlangoni pake awe mjumbe wetu. Jirani akijua kwamba mwanawe yu salama kwetu, atakuwa na sababu ya kumlinda wa kwetu; na hata asipokuwa nayo, sisi tutakuwa tumetimiza lililo letu.

Waendao ukweni tunawatakia safari njema, wafike salama, na warudi kwa siku waliyoiahidi.