Acheni Kuandika "Adimu"

Januari 2025, nikiwa Mpanda, niliweka mtandaoni tangazo langu la kwanza la kuuza noti ya zamani. Ilikuwa ya shilingi 500, toleo la 2010, yenye sura ya Mzee Karume mbele na Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nyuma. Niliipiga picha juu ya kitambaa cheusi, nikaandika: "ADIMU SANA. Laki mbili. Maongezi yapo." Bei hiyo haikuwa na msingi wowote. Niliona wenzangu wanaomba nusu milioni, nikajiona mwenye huruma.

Oktoba 2024 Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na hiyo 500 ya 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Wananchi walipewa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wazibadilishe, Benki Kuu au kwenye benki za biashara, kwa thamani ileile. Baada ya hapo haziwi tena fedha halali. Sisi wa mtandaoni tulilisoma tangazo hilo kama kengele ya mnada.

Shangazi yangu analima mpunga Majimoto. Binti yake alimwonyesha tangazo langu kwenye simu. Shangazi alikuwa na kopo lenye noti 96 za Karume na noti 22 za shilingi 2,000 za mwaka 2003, zile za simba. Jumla shilingi 92,000, akiba ya miaka mingi. Alikuwa amepanga kuzileta benki mjini. Alipoona mpwa wake msomi anauza moja kwa laki mbili, akapiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili: 96 mara laki mbili. Akalifunga kopo.

Machi alinipigia. "Mwanangu, ile yako imeshatoka?"

"Bado, shangazi. Wateja wapo, wanaulizaulia."

Kweli waliuliza. Hakuna aliyenunua. Ningeweza kumwambia hivyo. Ningeweza kumwambia apande gari la Mpanda kesho yake. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kukiri kwamba tangazo langu lilikuwa porojo. Tarehe 5 Aprili ikapita.

Najua mtakachosema: mtu mzima, tangazo lilitoka mapema, miezi mitatu inatosha. Njooni Katavi miezi hiyo. Ni msimu wa mvua, shamba linadai mikono, na kutoka Majimoto hadi Mpanda kwa kupitia Kibaoni na Sitalike si safari ya kwenda dukani. Mtu wa namna hiyo anahitaji sababu nzuri ya kutoka nyumbani. Sisi tukampa sababu nzuri ya kubaki.

Sasa ngoja niseme nilichojifunza baada ya kuchelewa, ambacho kila muuzaji angepaswa kukijua kabla ya kupiga picha ya kwanza. Bei inayoombwa si bei iliyolipwa. Mtu anaweza kuomba milioni mwaka mzima na asipate hata mia. Uzee peke yake hautoshi. Mkusanyaji anatazama noti ngapi za aina hiyo zimebaki, na hiyo iliyo mkononi mwako iko katika hali gani. Benki Kuu ilianza kazi Juni 1966, na noti zake za kwanza zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Shilingi 100 ya enzi hizo, ambayo haijawahi kukunjwa, ni habari nyingine. Noti ya 2010 iliyopita buchani, kwenye daladala na kwenye pindo la kanga haina uadimu wowote. Na ukiifua, ukaipiga pasi, au ukaibandika gundi ya karatasi ili ing'ae pichani, umeiharibu zaidi na umemdanganya mnunuzi.

Sipingi biashara hii. Noti ni historia unayoweza kuishika, na kijana wa Mpanda ana haki ya kumuuzia mkusanyaji wa Nairobi au London. Ninachopinga ni neno "adimu" linaloandikwa na mtu ambaye hajahesabu chochote. Mnunuzi tajiri halimwumizi, kwa sababu ana vitabu vya bei na anatucheka. Linamwumiza mwenye kopo.

Na msione kama limekwisha. Leo wapo wanaozunguka vijijini wakinunua zile zilizobaki kwa bei ya karatasi, halafu jioni wanaziweka mtandaoni kwa mamilioni. Mwenye kopo anapunjwa mara ya pili.

Nilimlipa shangazi shilingi 92,000 yake kwa awamu tatu. Alizipokea, akanishukuru, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Kopo liko kwangu. Hadi sasa nimeuza noti nne, zote kwa shilingi 7,000. Tangazo langu siku hizi linasomeka hivi: "Noti ya shilingi 500, 2010. Imetumika, ina mkunjo katikati, pembe moja imechanika. Ziko nyingi. Haipokelewi benki. Bei 1,500."

Wateja ni wachache. Futeni yenu, muandike hivyo.