Nani Atamwandikia Mwigizaji Wasifu?

Fasihi ya Kiswahili ina deni kongwe, na wadaiwa wa mwanzo ni washairi na waandishi wa Unguja. Mdai ni mwanamke wa mchezo wa televisheni. Usiku huingia katika kila nyumba bila ya kubisha hodi, akawaliza watu na akawachekesha, na asubuhi watoto wakaigiza sauti yake njiani. Miaka ikipita huzeeka, akasahauliwa, akazikwa. Kalamu zinazomwandikia shairi kila kiongozi anayetawazwa na kila mwezi unaoandama hazijaona kuwa maisha ya mwanamke huyu ni jambo la kuandikwa.

Wapo watakaosema kuwa hiyo si kazi ya washairi. Hao na wakumbushwe Siti binti Saad. Mwanamke yule alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880, akafinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Alikejeliwa kwa sura yake na kwa asili yake, na walikuwapo waungwana walioona haya kumtaja mbele ya wageni. Leo jina lake ni fahari ya visiwa hivi. Santuri zilimsaidia, lakini santuri huhifadhi sauti tu. Haielezi mtu alitoka wapi na alipita wapi. Aliyeyaeleza hayo ni Shaaban Robert. Alimkuta Siti angali hai, akakaa naye, akamuuliza, akamsikiliza, na Siti alipofariki mwaka 1950 maisha yake yalikuwa yamekwisha kupata mlinzi. Na Shaaban hakuwa Mzanzibari. Alikuwa mtu wa Tanga, mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake, wala hakuona kuwa kumwandika mwimbaji mwanamke kunampunguzia hadhi. Katika fasihi nzima ya Kiswahili ni vigumu kutaja wasifu wa mwigizaji wa televisheni unaoweza kuwekwa kando ya *Wasifu wa Siti binti Saad* bila ya kuonewa huruma.

Unguja ndiyo yenye udhuru mdogo kabisa katika jambo hili. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, ikawa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya rangi katika Afrika, wakati ambapo Tanzania Bara ilikuwa ingali na zaidi ya miaka 20 ya kungoja. Huko vituo vya mwanzo vilifunguliwa mwaka 1994. Kwa hivyo mtoto aliyekulia Kikwajuni, baina ya vibanda vya Ng'ambo na yale majumba ya maendeleo yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, alikwishajua mwigizaji wa televisheni ni nani kabla mwenzake wa Dar es Salaam hajaiona televisheni yenyewe mjini kwake. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa 1973 leo amevuka miaka 70. Yuko barazani pake, au yuko ndani na ugonjwa wake wa miguu, na anayoyajua kuhusu michezo ile hayamo katika maktaba yoyote. Kila matanga yanayoanuliwa mtaani huenda yakawa yameondoka na sura nzima ya historia ya sanaa ya visiwa hivi.

Mwandishi asipofika, hakuna kiti kinachobaki kitupu. Hufika mwingine. Bi Kidude alipata bahati ya kufikiwa na mtu wa sinema kutoka Uingereza, Andy Jones, aliyemtengenezea filamu mwaka 2006, miaka saba kabla ya kufariki kwake tarehe 17 Aprili 2013. Shukrani kwa aliyefanya hivyo. Aibu kwa waliokuwa wakimpita njiani kila siku. Wengine hawakupata bahati hiyo. Wao hufikiwa na magazeti ya udaku.

Na atazamwe Elizabeth Michael, ambaye Waswahili wote humjua kwa jina la Lulu. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995, akaingia angali mtoto mdogo katika Kaole Sanaa Group, kundi la Dar es Salaam lililotazamwa na nchi nzima katika ITV. Alikua mbele ya macho ya watu. Tarehe 7 Aprili 2012 alifariki mwigizaji mwenzake, Steven Kanumba, na msichana yule, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 17, akashitakiwa kwa mauaji. Shitaka likageuzwa kuwa la kuua bila kukusudia, akapata dhamana Januari 2013, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitoka gerezani akamalizie adhabu kwa kazi za jamii. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2016, filamu yake *Mapenzi ya Mungu* ilipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za Africa Magic kule Lagos.

Mahakama ilifanya kazi yake, na marehemu Kanumba ana haki ya kuliliwa. Linalosemwa hapa ni jingine. Muulize mtu yeyote habari za Lulu, atakuhesabia siku za kesi. Hata umri wake ulibishaniwa mbele ya jaji. Na pengine hilo ndilo swali pekee la maisha yake lililowahi kuchunguzwa kwa makini. Nani aliyemuuliza mtoto yule alifundishwaje kulia penye kulia? Nani aliyetaka kujua alijifunza kwa nani kunyamaza mbele ya kamera, jambo gumu kuliko kusema? Maisha ya msanii yameandikwa na karani wa mahakama na mchuuzi wa umbea, kwa sababu mwenye kalamu ya haki hakutokea.

Na kuna sababu ya pili, ambayo mpenzi wa ushairi hana ruhusa ya kuipuuza. Michezo mingi ya televisheni ya miaka ile haikuandikwa neno kwa neno. Waigizaji walielezwa kisa, wakajua nani anaingia na nani anatoka, na maneno wakayatunga papo hapo. Maana yake ni kuwa mwanamke yule hakuwa kasuku wa mtunzi, alikuwa mtunzi. Kijembe kilichomtoka, methali aliyoipindua, kiapo na kiitikio chake, vyote vilikuwa mali yake. Mshairi anayesifu malumbano ya wakongwe, walipojibizana bila ya kukalia karatasi, kisha akamdharau mwigizaji kwa kuwa mchezo wake haumo kitabuni, anakata tawi alilolikalia.

Hoja inayotolewa kwa nguvu zaidi ni ya stara. Inasemwa kuwa kuandika maisha ya mwanamke ni kumfunua, na uungwana ni kunyamaza. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kunyamaza kungemsitiri. Hakumsitiri. Mwenye heshima akinyamaza, asiye na heshima hubaki peke yake kusema. Wasifu wa kweli ndiyo stara yenyewe, kwa kuwa huanza kwa idhini ya mwenyewe, humwachia alichotaka kukificha, na humvisha kazi yake kama nguo. Shaaban hakumvua Siti buibui, alimwandikia adhama.

Kinachotakiwa hakihitaji ruzuku wala kongamano. Kinahitaji daftari, saa mbili za alasiri, na adabu ya kusema shikamoo na kungojea. Waandishi wa mjini waanzie Kikwajuni, wapite Miembeni na Kisiwandui, waulize ni bibi gani wa mtaa aliyewahi kucheza katika televisheni, alikuwa nani katika mchezo, alilipwa nini, mumewe alisema nini, na kwa nini aliacha. Wayaandike majibu kwa Kiswahili kilekile atakachokisema. Kisha walete ukurasa mmoja, si diwani nzima.

Wasipofanya hivyo, na waache kuimba kuwa Kiswahili fasaha kilizaliwa Unguja. Lugha huzaliwa vinywani, na baadhi ya vinywa vilivyoilea viko hai, vinangoja kuulizwa.