Msiizibe Injini Mdomo

Gari likianza kugonga, kila aliyeketi kijiweni hugeuka daktari, na dawa yao ni moja: "Weka oili nzito." Shemeji yako atakuambia hivyo. Muuza vipuri, ambaye dumu liko nyuma yake rafuni, atakuambia hivyo huku akilifuta vumbi. Mimi sijaona bado injini iliyopona kwa dawa hiyo.

Somo hili nililipia. Nilinunua gari la mkononi, injini ya lita 1.5, limetulia kama maji mtungini. Wiki ya pili nikamwaga oili, nikaweka 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyosema. Kesho yake asubuhi injini ikawa inatwanga kama kinu cha kisamvu. Fundi alikwisha kushtuka tangu jana yake: kilichoshuka kwenye beseni kilikuwa kama asali. Tulipofungua chini, metali ya konrodi moja ilikuwa imelika hadi shaba inaonekana. Aliyeniuzia alijua. Hakulitengeneza gari, aliliziba mdomo.

Ndiyo, oili nzito hupunguza kelele, na ubaya wake uko hapohapo. Kati ya krenki na metali zake kuna mwanya mwembamba kuliko unywele, na oili hukaa humo ili chuma kisiguse chuma. Metali zikilika, mwanya unapanuka, oili inamwagika pembeni, presha inashuka, konrodi inaanza kugonga. Ukimimina 20W-50, utando wa oili unanenepa na mlio unafifia. Lakini metali haioti upya kama ukucha. Inaendelea kulika, safari hii kimyakimya, hadi konrodi itoboe bloku. Wakati huohuo taimingi cheni na mfumo wa valvu wa VVT-i, vinavyotegemea oili ipite upesi kwenye vijia vyembamba, vinaisubiri kila asubuhi unapowasha.

Watetezi wa oili nzito hukimbilia hali ya hewa: oili nyepesi ni ya nchi za baridi, Dar ni joto. Injini ikishapata moto, thamostati huishikilia karibu kwenye joto lilelile, uwe Dar au Njombe. (Na Japani, yalikotoka magari yetu mengi, kiangazi watu hutoka jasho vilevile.) Zipo injini za zamani ambazo watengenezaji wenyewe wameziruhusu 20W-50, mwenye nayo afuate kitabu chake. Ninachopinga ni kuifanya tiba.

Tena tiba ya nini hasa? Kugonga si ugonjwa mmoja. Gari linalogonga likipanda mlima wa Kitonga na mzigo, kisha likanyamaza kwenye tambarare, huenda petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na hapo oili haina kesi. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto huenda ni pistoni iliyolegea kidogo au eksozi inayovuja kwenye gasketi. Gari la hivyo laweza kukutumikia miaka. Mlio mwembamba wa juu, kama cherehani, utafute kwenye valvu. Ule mzito wa chini, unaozidi ukikanyaga mafuta na kuropoka unapoachia, huo ndio wa kukunyima usingizi. Nimeshuhudia pia injini ikitaka kushushwa, kumbe puli ya krenki imelegea tu.

Fundi wa kweli haanzi na dumu. Huchomoa stiki kwanza aone kama oili yenyewe ipo. Huegemeza bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, akasikiliza. Huchomoa koili mojamoja: silinda ambayo ikizimwa mlio unafifia, konrodi yake ndiyo ya kushukiwa. Hufunga geji pale inapokaa swichi ya taa ya oili, apime presha. Hupasua filta kutafuta chembe zinazong'aa. Kazi hiyo ina bei yake, lakini haifiki bei ya injini.

Nawe unayekwenda kununua, usikubali kukuta gari limeshawashwa. Nenda alfajiri, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya vuguvugu na mwenyewe anaapa halijawashwa tangu jana, mwachie gari lake. Ikiwa ya baridi, chomoa stiki, uone oili inavyodondoka, ndipo umwambie awashe.