Tabia ya Kenge Anayefugwa

Watu wa pwani wamezoea kusema kwamba kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Usemi huo wafaa kumkanya mtoto mkaidi, lakini kenge mwenyewe unamwonea. Matundu ya masikio yake yako wazi nyuma ya macho, naye husikia. Mtu wa Ngumi akivuka bahari hadi Kismayo, akaendelea hadi Gobweni ambako mto Juba huingia baharini, akikanyaga kijiti kikavu karibu na kenge wa maji, atamsikia amekwisha kujitosa mtoni.

Huko Ulaya na Marekani wapo wanaomnunua angali mchanga, hajafikia urefu wa mkono wa mtu, wakamweka nyumbani. Akikua huweza kupita mita 2, na hapo hofu huanza. Katika mji wa Cape Coral, jimbo la Florida, kenge wa mito ya Afrika wameonekana wakijitembelea tangu mwaka 1990. Yaaminika walitoroka, au waliachiwa na waliowafuga.

Asubuhi mfugaji humwona ametulia, akadhani amezoea watu. Hajazoea, ana baridi. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na jua likimpasha huwa mnyama mwingine. Ulimi wake wenye ncha mbili hauchezi bure, bali huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilichomo kinywani. Mkono unaonuka samaki, kwake ni samaki. Basi chakula awekewe kwenye sahani, wala mtoto asiachwe kumlisha. Akivimbisha koo, akafoka na kuupinda mkia, pigo li karibu. Asikamatwe mkia hata kidogo: mjusi wa ukutani akiuacha wake huota mwingine, wa kenge ukikatika hauoti.

Kukwaruza ukuta nako si ukorofi. Jike wa mtoni hubomoa kichuguu kilicholainishwa na mvua akataga humo, na mchwa huziba tundu, mayai yakabaki katika joto na unyevu usiobadilika sana. Mwenye kucha za kazi hiyo, akifungiwa sandukuni pasipo udongo wa kuchimba, huzunguka pembe kwa pembe hadi pua ikachubuka.

Choo chake huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Aliyemshika anawe kwa sabuni, na maji aliyoogea kenge yasimwagwe karibu na vyombo vya kupikia.